Kichwa cha Zunilda Mbele ya Kipimo

Kila asubuhi kabla ya shule, Zunilda alifanya mazoezi ya kucheza ngoma na chupa kichwani, uani kwao katika mji wa Villarrica. Mama yake, Deolinda, alimpigia kelele kutoka jikoni huku akikanda unga wa chipa, mikate ya jibini.

"Nyoosha kichwa! Mchezaji wa chupa gani ana shingo ya kupinda?"

Kichwa cha Zunilda kilipenda kulalia bega la kushoto. Alijikaza, chupa ikatulia, lakini hapo hapo dunia ikagawanyika: milango miwili, mama wawili. Hakumwambia mtu. Aliogopa kuondolewa kwenye ngoma ya sikukuu ya mtakatifu wa mji wao.

Mwalimu wake wa shule, aliyemwona akisoma kichwa upande, ndiye aliyesisitiza apelekwe kliniki ya macho. Huko, mama yake akiwa kando, Daktari Arsenio alimvika kichwani mkanda wenye kipimo cha kuonyesha kichwa kimeinama kiasi gani.

"Kaa kama unavyokaa siku zote, binti."

Mama akakohoa kile kikohozi chake cha onyo. Zunilda akakaa wima kama mlingoti.

"Sifuri," daktari alisema. "Shingo haina neno."

"Si nilisema!" mama akatamba. "Ni uvivu tu, daktari. Mtoto huyu atanizeesha."

"Haya, binti, soma zile herufi ukutani."

Herufi zilipandana, hazisomeki. Zunilda alijiona amenaswa. Akiinamisha kichwa, kipimo kingemuumbua mbele ya mama, na ngoma ndiyo basi tena. Asipoinamisha, angerudi nyumbani na dunia yake ya mbili mbili. Alitamani auvue ule mkanda akimbie.

"P... au F?"

"Unaona nini hasa, binti?" daktari akauliza.

"Naona mbili mbili!" Machozi yakamtoka. "Nikinyoosha kichwa, kila kitu ni viwili. Nikikilaza ndiyo kinakuwa kimoja. Nisamehe mama, nimechoka kujikaza!"

Akakiachia kichwa. Mshale wa kipimo ukasogea hadi digrii ishirini, naye akasoma mstari mzima bila kukosea.

Deolinda aliketi kwa kishindo. "Miaka yote hii namkaripia!"

"Msuli mmoja wa jicho lake ni dhaifu, mama, na shingo ndiyo imekuwa ikilisaidia," daktari alisema. "Tutamfanyia upasuaji mdogo, atapona." Kisha akamgeukia Zunilda. "Nawe sikiliza. Ulipokaa kwa kunifurahisha, nilimpima mtu mwingine, na nusura nimpeleke yeye nyumbani akiwa mzima, wewe ubaki na ugonjwa wako. Kwa daktari usikae vizuri. Kaa kweli."

Siku ya upasuaji ilipangwa baada ya sikukuu, kwa hiyo mwaka huo Zunilda hakucheza. Iliuma, tena sana. Alikaa kando ya mama yake kuwatazama wenzake, kichwa kimelala begani.

"Mwone alivyopinda shingo!" kijana mmoja akacheka nyuma yao.

Deolinda akageuka. "Mwache mwanangu," alisema. "Anaangalia."