Swali la Kwanza la Kocha

Soko la Lushoto siku ya gulio halina adabu. Manyunyu yanadondoka, tope linashika miguu, wapakizi wanasukumana na hakuna anayeomba radhi. Yunis alikuwa anapakia viazi kwenye Fuso: buti za mpira, sweta jekundu, khanga imekazwa kiunoni. Aliinama, akakumbatia gunia la lumbesa, lililojazwa mpaka likaota kichwa, akalivuta kwa mgongo.

"Dada, ukiendelea hivyo utavunja kiuno," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, suruali ya mazoezi, viatu vyeupe katikati ya matope.

"Na wewe viatu umeshaviua," Yunis alimwambia. "Wewe daktari?"

"Kocha wa viungo. Naitwa Paskali, natoka Tanga. Nawafanyisha mazoezi vijana wa mpira."

"Una cheti?"

"Bado."

"Basi shika upande ule, Kocha Bado."

Wapakizi walicheka. Paskali alishika. Gari lilipojaa, viatu vilikuwa rangi ya udongo na namba ya Yunis ilikuwa kwenye simu yake.

Wakapendana. Jioni Paskali alimfundisha kunyanyua vyuma kwenye stoo ya timu: miguu ifanye kazi, mgongo unyooke. Yunis alikuwa na nguvu kuliko vijana wengi wa pale. Lakini baba yake, Mzee Stephano, alimkataa Paskali mlangoni.

"Kazi ya kurukaruka si kazi," alisema. "Alete kazi inayoeleweka, ndipo tuzungumze mahari."

Klabu moja ya Tanga ilikuwa tayari kumwajiri Paskali akipata cheti. Kwa hiyo cheti kilikuwa ndoa.

Mtihani wa vitendo ulifanyika Lushoto. Kila kocha alitakiwa kuleta mtu aliyemfundisha, amuulize kama ana maumivu, kisha amnyanyulishe chuma mbele ya watahini. Mwenye maumivu hanyanyui. Kocha asiye na mtu anarudi mwakani.

Wiki hiyohiyo Yunis aliteleza na tenga la kabichi. Kitu kilimchoma kiunoni, mguu wa kulia ukafa ganzi. Hakumwambia mtu.

"Mbona sauti imechoka?" Paskali aliuliza kwenye simu.

"Baridi tu, mpenzi."

"Usinifiche, mama."

"Lala, Kocha Bado. Kesho nakuondolea hilo jina."

Kesho yake alivaa fulana nyeusi, nywele kazifunga kitambaa. Mtahini mkuu, Bi Faudhia, alikaa mbele.

"Una maumivu popote?" Paskali aliuliza.

"Sina."

Mara ya kwanza chuma kilipanda vizuri. Mara ya pili midomo ya Yunis ilipauka, nyonga ikasogea pembeni. Paskali aliona. Kocha anasomea jambo hilo hasa: aone, aseme weka chini. Yeye aliona, akamkumbuka Mzee Stephano mlangoni.

"Moja ya mwisho," akasema.

Chuma kilianguka. Yunis akakifuata, bila hata kupiga kelele.

"Uliona dalili yoyote?" Bi Faudhia aliuliza.

"Sikuona."

Yunis aliyasikia hayo akiwa sakafuni.

Watahini walisema aliyeficha ni Yunis, kocha aliuliza kama inavyotakiwa. Paskali akapita. Alipeleka cheti wodini alikolazwa Yunis, kikiwa kwenye fremu.

"Toka nacho," Yunis alimwambia.

Akawa hapokei simu. Anapokea mama yake.

"Shikamoo mama. Naomba nizungumze na Yunis."

"Marahaba. Amelala."

Kila siku amelala. Mwishowe Paskali alipanda wodini mikono mitupu.

"Na mimi nilidanganya," Yunis alisema akitazama ukuta. "Nilidanganya ili upate. Wewe ulidanganya nikiwa chini."

Paskali alitoa simu, akapiga, akaweka spika ili Yunis asikie.

"Shikamoo Bi Faudhia. Ni Paskali, wa mtihani wa Lushoto. Siku ile niliona. Midomo ilipauka, nyonga ikasogea. Niliona, nikamwambia aendelee."

Yunis aliacha kutazama ukuta.

"Unajua unachokisema?"

"Najua, mama."

"Basi rudisha cheti. Na usimnyanyulishe mtu mwingine mpaka tukuite."

Simu ikakatika. Nje ukungu ulikuwa umefunika mlima wote.

"Baba hatakupokea sasa," Yunis alisema.

"Hata mwanzo hakunipokea."

"Daktari kasema magunia basi. Na mguu huu hajui kama utarudi."

"Mama yako aliniambia kwenye simu."

"Na bado umekuja."

"Nimekuja."

Yunis akanyoosha mkono. "Nimechoka kulala. Niinue, nikae."

Paskali aliinama, akapitisha mkono nyuma ya mabega yake. Kisha akasita hapohapo, kabla ya kumwinua.

"Una maumivu popote?"

Machozi yalimtoka Yunis kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

"Ninayo."

"Wapi?"

Akamwonyesha.

Paskali aliutoa mkono polepole, akakaa sakafuni kando ya kitanda.

"Basi tusubiri," akasema.