Binti wa Dobi na Dawa ya Jumatatu

Mimi ni dobi. Kibanda changu kina meza mbili, pasi mbili na kamba sita za kuanikia. Wino, chai, grisi, vyote nimevitoa kwenye nguo za watu. Doa likikaidi, naongeza sabuni. Ndivyo ninavyofanya kazi, na ndivyo nilivyokaribia kumuua mwanangu. Naona haya kusema, lakini nitasema.

Binti yangu ana miaka ishirini na mitatu. Mwaka juzi alianza kutokwa na mabaka ya kijivu shingoni, kisha mashavuni. Yeye hayakumuuma. Yaliniuma mimi. Mteja mmoja alinicheka: "Dobi gani wewe, mwanao mwenyewe ana madoa?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamhamishia binti chumba cha nyuma, apige pasi huko asionekane. Jioni namsugua kwa ndimu na dodoki. Mabaka yakazidi kukolea.

Siku moja muuguzi mmoja alikuja kuchukua sare zake, akanikuta namsugua. Aling'aka.

"Mama, unasugua nini? Huo si uchafu! Mlete kliniki ya ngozi."

Tukaenda. Daktari alikata kipande kidogo cha ngozi, kikapimwa, kisha akaandika vidonge. Muuguzi akatueleza taratibu.

"Kinga ya mwili kazi yake ni kupigana na magonjwa. Ya binti imekosea, inaishambulia ngozi yake mwenyewe. Ngozi ikiumia, rangi inazama ndani na kubaki humo. Hauambukizi ugonjwa huu. Vidonge hivi vinaituliza kinga. Atakunywa vinne, Jumatatu tu. Mara moja kwa wiki, basi! Damu tutaipima mara kwa mara. Asishike mimba akiwa kwenye dawa. Akipata homa au vidonda mdomoni, mje mbio."

"Mabaka yataisha lini?" nikauliza.

"Kwanza mapya yakome. Ya zamani hufifia polepole, kwa miezi. Wengine hayaishi yote."

Miezi! Mimi nilikuwa nawaza wateja wa kesho. Jumatatu alikunywa vinne vyake. Jumanne asubuhi nikamwambia, "Daktari kapiga simu. Sasa ni viwili kila siku." Uongo mtupu. Akanywa, kwa sababu mimi ni mama yake.

Jumapili alishindwa kumeza hata maji. Mdomo wote vidonda, mwili unawaka homa. Nikamkimbiza hospitali. Muuguzi yule yule alikuwa kwenye zamu.

"Dawa umeinywaje?" akamuuliza.

Binti akanitazama. Nikainamisha kichwa.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimdanganya anywe kila siku."

"Ungemmaliza, mama! Dawa hii ikizidi inaharibu damu."

Alilazwa siku tisa, akapewa dawa ya kuvunja nguvu ya ile iliyozidi. Nilikaa kando ya kitanda, sina uso wa kumtazama.

"Nilitaka watu wasikucheke," nikamwambia.

"Watu sikuwajali, mama. Niliyetamani kumkimbia kila jioni ni wewe."

Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akanipa leso yake.

Damu yake ilipokuwa sawa, daktari aliamua aanze tena, kwa kiasi kidogo zaidi, Jumatatu tu. Ndimu na dodoki nilivitupa. Kila tarehe ya kupima damu nafunga kibanda, tunakwenda wote. Mwezi wa nne tangu aanze tena, hakukuwa na baka jipya hata moja. Mwezi wa tisa mashavu yalikuwa yamefifia sana. Shingoni bado yapo kidogo, na huenda yakabaki. Siku hizi anapokea wateja mbele kabisa. Akiulizwa, anajibu, "Naumwa ngozi, natibiwa," kisha anaendelea na kazi.

Jumatatu iliyopita nilimletea maji ya kunywea dawa.

"Mwanangu, umenisamehe?"

Akacheka.

"Nimekusamehe, mama. Lakini vidonge natunza mwenyewe."