Kinasafahamu Kilichozoea Utani

Katika jiji la Same, kila nyumba yenye mzee ilikuwa na sikio darini. Kinasafahamu kiliitwa, chombo cha duara chenye ukubwa wa kifuniko cha sufuria. Kilisikiliza maneno ya mzee ya leo na kuyalinganisha na ya jana. Mzee akichanganyikiwa ghafla, taa yake ya kijani iligeuka nyekundu na muuguzi akaja mbio. Fahamu za mzee hazichafuki bure; mara nyingi chini yake kuna homa, kiu, au dawa isiyomfaa.

Aliyekibuni ni mhandisi Elinami Mbwambo, na tusifichane, alijivuna nacho. Cha kwanza kabisa alikifunga chumbani kwa bibi yake, Bibi Nakijwa, mjane aliyemlea.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Bibi na mjukuu ni watani, nani asiyejua? Bibi Nakijwa alimwita Elinami "mume wangu", akamdai kanga, akamtishia Tausi, mke wa Elinami, kwamba atamfukuza kwa fimbo. Kila aliposema hivyo, taa nyekundu! Muuguzi anafika anahema, majirani wanacheka mpaka machozi. Elinami akachoka. Akakifundisha chombo, na vingine vyote vya jijini, kwamba bibi akimwita mjukuu mume ni utani wa kupuuzwa.

Jumamosi moja mchana aliingia chumbani, bibi akamshika mkono.

"Mume wangu, umerudi."

"Nimerudi, mke wangu. Umepika nini?"

Bibi hakucheka. Aliinama akavitazama viatu vya Elinami.

"Mbona havina udongo? Nani amekufukua?"

"Ala! Bibi, leo umeamka na makali."

"Nyamaza. Waliokuleta wamesimama nyuma yako."

Elinami aligeuka. Ukuta mtupu, na jua dirishani. Hata hivyo nywele zilimsimama. Akainua macho darini, taa ilikuwa ya kijani, na chombo kikasema kwa upole, "Utani umetambuliwa. Bibi yuko salama."

Akashusha pumzi. Kweli mganga hajigangi: alikiamini chombo kuliko mkono wa bibi uliokuwa ukimtetemekea kiganjani.

Tausi aliingia na uji. "Shikamoo mke mwenzangu! Leo fimbo iko wapi?"

Bibi alimkodolea macho. "Huyu ni nani?"

Tausi aliweka bakuli chini, akamgusa shingo. "Anaungua! Jana alikuwa mzima, akanitukana vizuri tu. Elinami, utani gani huu usio na kicheko? Mwite muuguzi!"

"Lakini chombo kimesema..."

"Chombo chako hakina bibi!"

Muuguzi Nasemba alipofika hakupoteza muda. Alipima damu na mkojo, akakuta maambukizi ya mkojo yaliyoanza kuingia kwenye damu, na mwili uliokauka maji. Akatundika dripu ya maji na dawa.

"Msibishane naye, wala msimfunge," aliwaambia. "Mvisheni miwani yake, fungueni pazia, mwambieni taratibu yuko wapi. Uzee hauji kwa siku moja, jamani. Mngengoja hadi kesho, mngemzika."

Elinami alilia waziwazi. Siku hiyohiyo alifuta ruhusa ile ya utani, kwake na katika kila nyumba ya jiji.

Bibi alipona, akili zikamrudia. Mara ya kwanza alipomwita "mume wangu", taa ikawaka nyekundu na muuguzi akaja. Mara ya pili hivyo hivyo. Mwisho Elinami na Tausi wakaacha kucheka, wakawa wanamtazama tu usoni, wakimpima.

Asubuhi moja Elinami aliketi kitandani kwa bibi, hamu ya utani imemzidi.

"Hujambo, mke wangu?"

Bibi Nakijwa alitupa jicho darini. Akaweka kidole midomoni, akatabasamu kwa woga, kisha akasema kwa sauti ya kusikika vizuri:

"Sijambo, mjukuu wangu. Leo ni Jumanne. Niko nyumbani."

Taa ilibaki ya kijani.