Mabomba Mapya ya Idwal Prosser

Idwal Prosser alilala chali chini ya gari, akashika bomba la moshi ili alifungue, akaliachia upesi. Lilikuwa la moto. Injini haikuwashwa tangu Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi, tena Novemba, mwezi ambao katika vilima vya Wales hata chai haikai na joto lake.

Alijiambia ni vidole vyake vilivyokufa ganzi. Gari lilikuwa dogo, la michezo, la viti viwili, umri wake miaka sitini kama wa Idwal mwenyewe. Alilinunua mnadani, katika shamba la mzee aliyefariki bila mrithi. Mabomba yake yalikuwa yameliwa na kutu mpaka yakawa kama chujio, kwa hiyo aliagiza mapya. Akakata boliti kuukuu kwa msumeno, akayatupa mabovu uani, akafunga mapya. Saa tisa alasiri aliwasha, akausikiliza mngurumo alioutamani tangu ujana, akazima.

Injini ikanyamaza. Mabomba hayakunyamaza.

Yalikuwa yakipumua, ndani, nje, polepole kama mtu aliyelala, na kila yalipopumua ilitoka harufu ya sufu ya kondoo iliyoungua.

Akaenda jikoni bila kugeuka nyuma. Dada yake Nesta, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa akichoma vikeki vya zabibu juu ya bamba la chuma. Akalalamika kwamba amechoka ghafla, kama aliyepanda mlima. Idwal akakitazama kifua cha dada yake. Kilipanda na kushuka sawasawa na yale mabomba.

Akili ikamruka. Akarudi gereji mbio, akanyakua matambara, akayashindilia katika midomo ya mabomba kwa ngumi zote mbili mpaka ile sauti ikazibika, na papo hapo akasikia bakuli likivunjika jikoni, akakimbia tena, akamkuta Nesta sakafuni, midomo ya buluu, kucha zikikwaruza shingo, macho yakimwomba kitu ambacho kinywa hakikuweza kukisema, akageuka, akateleza, akainuka, akayang'oa matambara, na wote wawili, dada yake na gari, wakavuta pumzi kwa pamoja.

Akampigia simu Mama Beynon, mchungaji mstaafu wa kanisa la pale kijijini, aliyekuwa akiitwa kila watu walipopatwa na mambo ambayo daktari hayaandikii dawa. Alikuja na ndara za nyumbani. Akainama, akatega sikio kwenye bomba, akakaa hivyo kitambo.

"Ya zamani yako wapi?" akanong'ona.

"Uani, Mchungaji."

"Umebomoa nyumba ya mtu, Idwal. Sasa amehamia kwa dada yako."

"Nifanye nini?"

"Mrudishie nyumba yake. Upesi, na kwa adabu."

Idwal akarudi chini ya gari, akayafungua mabomba mapya. Boliti alikuwa amezikata, hivyo akayafunga mabomba ya kutu kwa waya, vidole vikichanika, huku Mama Beynon akiwa ameketi na Nesta, akimsomea zaburi kwa Kiwelisi kwa sauti ya chini. Pumzi zikaenda mbio, zikapungua, zikaenda mbio tena. Alipokaza waya wa mwisho, mabomba yakakohoa mara moja, yakatulia. Harufu ikakatika.

Kutoka jikoni akamsikia dada yake akiuliza, kwa ukali wake wa siku zote, nani ameacha vikeki viungue. Idwal akalia palepale, uso ukiwa umejaa vumbi la kutu.

Kesho yake alilifunika gari kwa turubai, akaufunga mlango wa gereji kwa kufuli.

Jumapili iliamka na sakitu, umande ulioganda kwa baridi. Walitembea watatu kwenda ibadani, barabara ikimeta. Mama Beynon, aliyetangulia hatua chache, alitoa wingu jeupe la pumzi kila aliposema. Idwal naye alitoa lake. Nesta alikuwa katikati ya kisa cha jirani na kondoo wake waliopotea, akicheka, akitupa mikono.

Hakuna kitu kilichotoka kinywani mwake. Hata ukungu mwembamba haukutoka.

Idwal akasimama.

"Mbona umenikodolea macho, mdogo wangu?" Nesta akauliza.

"Baridi kali, dada," akasema. Akavua skafu yake, akamzungushia taratibu kuanzia shingoni hadi puani, akaifunga vizuri, kabla Mama Beynon hajageuka.