Mto Uko Wazi

Wewe umewahi kukimbia maji uliyoyaagiza kwa mdomo wako mwenyewe? Basi kaa vizuri nikueleze ya mwanamke mmoja mpima maji, na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa dereva wa boti.

Wote wawili walifanya kazi kwenye bwawa kubwa lililo juu ya mji. Asubuhi hiyo watu wa hali ya hewa walileta utabiri: kesho mvua kubwa milimani. Na bwawa lilikuwa limejaa pomoni. Maji mapya yakilikuta hivyo hayana pa kukaa; yatamwagika yaende kuwapandisha watu wa mjini juu ya mapaa. Kwa hiyo bosi, yule mhandisi, aliamua milango ifunguliwe mapema, jua likiwa bado linawaka, ili mvua ikija ikute nafasi.

Ila milango haifunguliwi hivi hivi. Kwanza boti hushuka mtoni na kipaza sauti, kuwatoa wanaolima mboga kwenye visiwa vya mchanga, wanaofua na wanaovua. Ikifika darajani, ambako gari la ofisi huwasubiri, mpima maji humpigia bosi simu: mto uko wazi. Hapo ndipo bosi hufungua.

Sasa, hawa wawili walikuwa na mchezo wao. Kisiwa cha mwisho kilikuwa msituni na hakikuwa na mtu miaka yote, na simu humo haikushika. Basi walizoea kupiga simu kabla ya msitu, kwenye kona ya mawe, wakaokoa muda.

"Piga tu, shemeji," dereva alisema. "Njaa inauma."

Akapiga. "Mto uko wazi, bosi."

Hawakwenda mbali. Mbele ya kile kisiwa gogo lililolala chini ya maji liligonga boti, propela ikakatika na ubao wa chini ukapasuka. Mkondo ukawatupa kwenye mchanga wa kisiwa.

Mpima maji alitazama ng'ambo. Kati yao na msitu palikuwa na mfereji, maji ya kifuani.

"Tuvuke sasa hivi. Milango imeshafunguliwa."

"Ngoja niiangalie injini. Hii mali ya ofisi."

Akainama. Alikuwa amevaa jaketi lake la kuokolea, lile asilolivua hata kwenye jua la kupasua mawe, mpaka kazini wakamwita Godoro. La mpima maji lilikuwa limebaki ofisini, limetundikwa msumarini.

Yalianza majani, yakaja mapovu, halafu mto ukabadilika rangi kama chai iliyotiwa maziwa. Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu.

"Unasubiri meli, shemeji?"

"Nakaza hii nati tu."

"Nati hiyo umeikaza mara ngapi?"

Spana ikamponyoka. Macho yake hayakuwa kwenye injini, yalikuwa kwenye mfereji. Hapo mpima maji akaelewa. Mtu huyu aliyeendesha boti miaka yote hiyo hakujua kuogelea. Kisha dereva akaanza kufungua vifungo vya jaketi.

"Vaa wewe. Una watoto."

"Funga vifungo vyako, Godoro. Mimi nimekulia majini."

Akamwaga mafuta ya dumu, akalifunga kizibo, akalikumbatia. Akachukua kamba ya boti, akafunga ncha moja kiunoni mwake, nyingine kiunoni mwa shemeji. Maji yalikuwa yamefika mapajani.

"Usipigane nayo. Yakikupeleka, nenda nayo, ila piga miguu kuelekea kwenye miti."

Wakaingia. Mfereji haukuwa mfereji tena. Uliwabeba kama makapi, wakazama, wakaibuka. Katikati, tawi nene likampiga mpima maji kwenye bega, mkono ukafa ganzi na dumu likaenda zake. Akanywa maji, akaona giza. Kilichomrudisha ni kamba kumkata kiunoni. Godoro alikuwa amedaka mzizi, amefumba macho, anavuta. Alivuta mpaka wote wawili wakawa juu ya mti, wakitapika maji ya mto.

"Bega limetoka?"

"Limevunjika, nadhani. Lifunge."

Akachana shati, akalifunga. Walikaa pale, mto ukinguruma chini yao. Halafu mngurumo ukapungua. Alama ya maji kwenye shina la mti wa jirani ikashuka, tope likabaki liking'aa.

"Wametufungia maji," Godoro alisema. "Afadhali."

"Afadhali gani? Bosi ametukosa darajani, amefunga milango. Bwawa bado limejaa, na mvua ile kule." Milima ilikuwa imeshavaa wingu jeusi. "Wanangu wanalala bondeni, shemeji. Shuka."

Walishuka kwenye tope la magotini. "Mto tuuweke kulia," alisema mpima maji, "tukiuacha tumepotea." Miiba iliwachana. Alipoishiwa nguvu, Godoro alimshika mkanda akamkokota, na kila kijito walichokikuta alikiingia yeye kwanza, akipima kwa fimbo.

Jua lilikuwa limeinama walipotokea darajani. Gari la ofisi lilikuwa pale. Mpima maji hakuomba maji ya kunywa, aliomba redio.

"Bosi, fungua milango. Sasa niko darajani kweli."

Milango ikafunguliwa. Mvua ilipokuja ilikuja kwa hasira, lakini bwawa lilikuwa limepata nafasi. Mjini maji yalipanda mpaka ngazi za soko, yakalowesha magunia, yakakomea hapo.

Bosi alikuja zahanati na machungwa. Aliwagombeza sana kuhusu ile simu ya konani, kisha akasema ofisi italeta boti mpya, na dereva ni yule yule. Alipoondoka, Godoro alimmenyea shemeji yake chungwa, akalimenya mpaka likabaki nyama tupu, hampi.

"Una nini?"

"Kaka alipofariki, ukoo mzima ulisema nishike boti yake. Na wewe ulifurahi, nikashindwa kusema."

"Kusema nini?"

"Mto siutaki, shemeji. Sijawahi kuutaka. Nilitaka karakana, nitengeneze injini zikiwa nchi kavu."