Mgeni wa Mstari wa Nyuma

Kitabu kilinuka mvua, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi mitatu.

Dada aliacha kukunja nguo akamtazama mdogo wake. Majirani walimwita Jubilei, kwa kuwa alikusanya vitabu vya picha vya maadhimisho: miaka hamsini ya reli, miaka ishirini na tano ya shule, miaka mia ya hospitali. Vilijaa chumba kizima. Dada, muuguzi mstaafu, alizoea kumtania kwamba anakusanya sherehe ambazo hakualikwa.

Hiki cha leo Jubilei alikitafuta miaka mingi kwa ajili ya Dada. Kilikuwa cha chuo cha wauguzi, na ndani yake mlikuwa na picha pekee ya ujana wa Dada. Wakakiinamia pamoja. Dada akajiona mstari wa mbele, kofia imekaa upande, akacheka. Kisha akamwona mwanamke mrefu mstari wa nyuma kabisa, gauni jeusi, nywele zimelowa chapachapa.

“Huyu hakusoma na sisi,” alisema.

Jubilei akainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja kikombe.

Mwishowe akasema kweli. Mwanamke huyo Jubilei alimwona kwanza katika kitabu cha reli, ameweka mkono begani mwa fundi mmoja. Maelezo chini ya picha yalitaja kila mtu kutoka kushoto kwenda kulia, isipokuwa yeye. Jubilei hakupenda mtu aachwe bila jina, basi akachukua penseli akamwandika: Mgeni. Tangu siku hiyo mwanamke alitokea katika kila kitabu, na kila aliyemgusa bega, jina lake chini ya picha lilitanguliwa na neno marehemu.

Kesho yake mchana, katika picha ya chuo, mwanamke alikuwa amesogea hadi mstari wa pili. Bega la kushoto la Dada likaanza kupoa.

Wakaenda kwa mganga, mama mmoja aliyekuwa akishona sare za shule. Hakusimamisha cherehani yake. Aliuliza tu ni nani aliyeandika.

“Umemwita mgeni, baba,” alisema taratibu. “Sasa ana haki kwako. Na mgeni hafukuzwi. Husindikizwa, na wa kumsindikiza ni yule aliyemkaribisha.”

Akamwagiza Jubilei afute lile neno, akiache kitabu cha reli njia panda, arudi bila kugeuka nyuma, hata akiitwa na sauti aipendayo.

Jua lilikuwa bado kali Jubilei alipotoka nyumbani na kitabu cha reli. Dada alisimama dirishani akamwona akiinama upande mmoja, kana kwamba amebeba uzito usioonekana. Akamwona akikiweka kitabu chini pale njia panda, akianza kurudi vizuri, hatua kwa hatua, macho mbele, kisha akasimama ghafla, akageuka, na midomo yake ikasema neno moja ambalo hata kwa mbali alilisoma: “Dada?”

Dada hakuwa amemwita.

Lori likapita, likainua vumbi, na vumbi lilipotulia njia ilikuwa tupu, wala hakukuwa na kitabu wala mtu. Bega lake likapata joto. Alikimbilia mlango akaufunga kwa komeo, akakifungua kitabu cha chuo, akakuta mstari wa pili hauna mtu wa ziada, nao wa nyuma vilevile, na alikuwa bado hajajua ashukuru au alie pale aliposikia mlango ukigongwa kwa upole.

“Hodi.”

Ilikuwa sauti ya mdogo wake. Lakini mdogo wake, katika miaka sitini, hakuwa amewahi kupiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Dada akaziba mdomo kwa mikono miwili, usije ukajibu kwa mazoea.

“Hodi.”

Akahesabu. Hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni huenda zake.

“Hodi.”

Kimya. Nyayo zikaanza kuondoka, polepole, zikiacha maji kizingitini. Dada akashusha pumzi.

Ndipo kutoka chumba cha vitabu, kati ya kurasa zilizofungwa, sauti ileile ya mdogo wake ikaitikia, kwa adabu yake yote:

“Karibu.”