Mlango Kwenye Postikadi

"Sindano, unanisikia?"

"Nakusikia, Mkubwa."

"Akitoka na chochote, mkamate."

"Nani?"

"Usijifanye hujui. Shangazi yako."

Sindano alikifunika kwa nywele kile kifaa kidogo cha mawasiliano kilichokuwa sikioni, kisha akaendelea kufuta vumbi kwenye rafu kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo.

Mambo yalikuwa hivi. Jengo lile la kuhifadhia kumbukumbu lilikuwa chuo hapo zamani, na chuo kiliacha masanduku ya postikadi zake zilizochapishwa zaidi ya miaka mia iliyopita: wanafunzi wamevaa kofia, uwanja, bweni, ngazi za nyuma. Zilibaki pia sarafu za enzi hiyo, za fedha na za shaba. Maabara ya chuo, ng'ambo ya ukuta, sasa ilikuwa kituo cha mawasiliano cha jeshi. Na wiki iliyopita jasusi wa kigeni alinaswa uwanja wa ndege akiwa na picha za postikadi mbili, zote za nyuma ya maabara. Ilibaki ya tatu, inayoonyesha mlango wa handaki la mabomba. Mlango huo ulifukiwa zamani, ukasahauliwa.

Atakayeupata anaingia kituoni bila kubisha hodi.

Ufunguo wa kabati la postikadi ulikuwa mmoja tu. Ulining'inia shingoni mwa shangazi.

Ndiye aliyemlea Sindano tangu wazazi wake walipofariki. Aliamini binti huyu anafanya kazi kampuni ya bima, si idara ya usalama, na alipoombwa ampe kibarua cha likizo alifurahi hadi akamnunulia glavu mpya.

Sindano alijichukia. Lakini kazi ni kazi.

Nyuma ya rafu ya mwisho kitu kilichakacha.

Karatasi.

Shangazi alikuwa huko peke yake, amegeukia ukuta, mkono ndani ya droo. Sindano akanyata. Mkono wake ukaingia ndani ya koti, ukaigusa bastola yake, Beretta.

"Shangazi."

Mama wa watu akaruka, mdomo umejaa biskuti. Yeye aliyebandika ukutani tangazo la kukataza chakula, yeye anayemfokea kila msomaji mwenye hata pipi, kumbe ana pakiti yake mafichoni.

"Usiniseme, mwanangu," alinong'ona. "Sukari inashuka."

Sindano nusura acheke. Kisha akajikumbusha kwamba anayejua kuficha biskuti anajua kuficha na mengine. Ndivyo kazi hii inavyomharibu mtu.

Msomaji siku hiyo alikuwa mmoja. Walimwita Mtaalamu, mgeni wa suti ya kijivu mwenye kibali cha kuchunguza sarafu za kale. Shangazi alimletea trei ya sarafu, na kwa ombi lake akamfungulia pia kabati na kumtolea sanduku la postikadi. Eti alitaka kuona maisha ya chuo enzi sarafu zile zilipotumika. Sindano akasogea na kitambaa chake cha vumbi.

Mtaalamu akachukua sarafu ya fedha, akaibana kwa kidole gumba juu ya mchoro wake, akaisugua.

Sindano akaganda.

Siku yake ya kwanza pale shangazi alikuwa amemkaripia kwa kosa hilo hilo. Sarafu ya kale hushikwa ukingoni, kwa kuwa jasho la kidole huila fedha. Mtu anayeishi kwa sarafu hasahau jambo hilo hata usingizini.

Kisha mtu huyo huyo akainua postikadi taratibu, kwa pembe zake, kama anayempokea mtoto mchanga. Akaiweka chini, akaweka juu yake kioo chake cha kukuzia. Kioo kikatulia hapo. Macho yake hayakuwa kwenye kioo. Yalikuwa yanamchunga shangazi.

"Mkubwa," Sindano alisema kwa chini. "Anayenakili ni mgeni. Kioo chake ni kamera."

"Na nani kamfungulia kabati?"

Sindano akaifuta rafu ile ile mara ya pili.

"Wako pamoja, Sindano. Wakamate wote wawili."

Wote wawili.

Akaenda hadi mezani, akaomba aazimwe kioo asome tarehe ya sarafu moja. Mtaalamu akatabasamu, akaeleza kwamba kifaa kile ni cha gharama na hakiguswi na mwingine. Sindano hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama shangazi. Kama wanashirikiana, sasa hivi atamkinga: atamfokea binti, atamtuma dukani, atajifanya anakohoa.

Shangazi akanyoosha mkono, akakitwaa kioo.

"Mwache mtoto asome, ndugu yangu. Hatakivunja."

Akamkabidhi Sindano. Kilikuwa kizito, na kilikuwa cha moto.

"Umesikia, Mkubwa?"

Pumzi ndefu ikapita sikioni. "Nimesikia. Mmoja tu."

Mtaalamu, aliyemsikia naye, aliirusha trei. Sarafu zikamwagika sakafuni kwa kelele, na bastola ndogo ya Walther ikachomoka kwenye soksi yake. Akamkamata shangazi ukosi wa gauni.

Lakini Sindano alishaipiga teke troli ya masanduku.

Ikamgonga Mtaalamu magotini. Risasi ikatoboa dari. Alipoinua macho, Beretta ilikuwa puani mwake.

"Lala."

Akalala.

Nje, Toyota nyeupe iliyokuwa ikimsubiri ilizingirwa na askari kabla injini haijawaka. Zege la kuziba handaki lilikuwa limeshaagizwa.

Shangazi alikaa kitini, vumbi la dari kichwani. Aliitazama bastola, akakitazama kifaa cha sikioni, na uso wake ukabadilika.

"Ulikuja kunichunga mimi."

Sindano alifundishwa kudanganya kwa lugha tatu. Hakuna hata moja iliyomjia.

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi akasimama, akauchukua mkoba wake, akaumimina mezani mbele ya askari wote waliokwisha kuingia ndani.

"Pekua."

"Si lazima, shangazi."

"Pekua. Kazi yako uimalize."

Sindano akapekua. Kitana, miwani, dawa, leso. Akapekua hata mfuko wa ndani, maana ndivyo inavyotakiwa. Akarudisha vitu kimoja kimoja, akafunga zipu.

"Umeridhika?"

"Nimemaliza."

"Jumapili uje kula," alisema shangazi bila kumtazama. "Na hiyo bastola uiache huko huko kazini kwenu."

Sindano akaitikia. Akachomoa kifaa sikioni, Mkubwa angali anaongea, akakitia mfukoni na kutoka nje kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.